Scipio alipolichana daftari mbele ya seneti

Mwaka 187 KK, katika kikao cha seneti mjini Roma, mtu mmoja alisimama akauliza jambo ambalo mhasibu yeyote angeliuliza: zile fedha zilizopokewa kutoka kwa mfalme Antiochus wa Syria ili kulipa askari, zimetumikaje? Aliyeulizwa alikuwa Publius Cornelius Scipio, yule aliyempiga Hannibal huko Zama mwaka 202 KK na kwa ushindi huo akapewa jina la Africanus. Scipio alijibu kwamba daftari analo, ila yeye si mtu wa kumtolea yeyote hesabu. Muulizaji hakukaa. Basi Scipio akamtuma nduguye Lucius, ambaye ndiye aliyekuwa jemadari wa vita vile, akalilete. Lilipofika alilinyanyua watu wote walione, akalichana vipandevipande, akamwambia muulizaji aitafute hesabu yake humo. Kisha akawageukia maseneta wengine. Mbona mnataka kujua talanta 3,000 zimetumiwa na nani, lakini hamuulizi hizi 15,000 mnazoletewa na Antiochus zimepatikana kwa jasho la nani? Ukumbi mzima ukanyamaza. Hata aliyeuliza alinyamaza.

Anayetusimulia kisa hiki ni Polybius, Mgiriki aliyechukuliwa mateka kupelekwa Roma baada ya Waroma kuishinda Makedonia, akaishia kuwa rafiki wa ukoo wa Scipio. Anakisimulia kwa kumsifu shujaa. Mimi nimekirudia mara nyingi, na kila mara kinachonisumbua ni ule ukimya kuliko daftari lenyewe.

Talanta tunaijua kutoka kwenye mfano wa Injili, lakini ni wachache huipima mkononi. Talanta moja ilikuwa na uzito wa takribani kilo 26 za fedha. Kwa hiyo talanta 3,000 ni kama tani 78. Huko Athens, talanta moja ilikuwa drakma 6,000, na katika miaka ya mwisho ya karne ya tano KK fundi stadi alilipwa drakma moja kwa siku. Daftari lililochanwa lilikuwa na hesabu ya siku milioni 18 za kazi ya fundi.

Sisi wasomaji wa Kiswahili Roma tumeiingia kwa mlango wa Julius Caesar. Jina lake limekuwa cheo katika Biblia, tunamlipa Kaisari yaliyo ya Kaisari. Julai ni mwezi wake, Agosti ni wa mrithi wake. Na mwaka 1963 Mwalimu Nyerere alichapisha tafsiri yake ya tamthilia ya Shakespeare, Caesar akaanza kuzungumza Kiswahili. Ndiyo maana tukiitaja Roma, kinachotujia kichwani ni visu, ni Brutus, ni maiti sokoni. Tunaamini Jamhuri ya Roma iliuawa na tamaa ya mtu mmoja. Hoja yangu ni kwamba iliuawa na mazoea, na kwamba mazoea hayo yalikwisha kuonekana wazi siku ile ya daftari, miaka 138 kabla Caesar hajavuka mto Rubicon, mpaka ambao jemadari hakuruhusiwa kuuvuka na jeshi lake. Wahenga wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Roma ilipoteza zaidi ya mali.

Ingekuwa Athens, Scipio asingeruhusiwa hata kuvuka mpaka. Sheria ya huko ilimtaka kila aliyeshika madaraka ya umma atoe hesabu zake ndani ya siku 30 baada ya muda wake kwisha, na mpaka zipitishwe alikuwa amefungwa mikono: hasafiri nje, haweki mali yake wakfu kwa miungu, haandiki wosia, hawezi hata kuasiliwa katika ukoo mwingine. Kila tundu ambalo mtu angepenyezea mali lilizibwa. Waliotunga sheria hii walikuwa wanawajua watu.

Hesabu zilipokewa na wakaguzi kumi waliopatikana kwa kura ya bahati, kwa hiyo hakuna kigogo aliyeweza kumpanga mtu wake. Kutoka hapo zilikwenda mbele ya mahakama ya wananchi 501. Aliyepatikana na wizi au rushwa alilipa mara kumi ya kiasi hicho. Aliyepoteza kwa uzembe alirudisha kilekile alichopoteza. Fedha zikishamalizika, ilifuata zamu ya mwenendo. Kwa siku tatu, saa za soko, maofisa wengine waliketi penye sanamu za mashujaa wa makabila ya mji, na mwananchi yeyote aliweza kuwaletea kibao kilichopakwa rangi nyeupe, ameandika jina lake, jina la anayemlalamikia, kosa alilotenda, na adhabu ambayo yeye mlalamikaji anaona inastahili. Huo ndio uliokuwa mwisho wa uongozi huko: unakaa unangoja watu wa sokoni.

Na mwanzo wake je? Kabla ya kuapishwa, wale wakuu tisa wa mwaka walihojiwa hadharani. Baba yako ni nani, na wa kata gani? Baba wa mama yako? Makaburi ya ukoo wenu yako wapi? Wazazi wako unawatendea vizuri? Kodi unalipa? Vitani umekwenda? Baada ya majibu lilikuja swali kwa umati: nani anataka kumshtaki mtu huyu? Napenda hasa lile swali la wazazi. Walioliuliza waliamini kwamba anayemtelekeza mama yake hawezi kuulea mji. Halafu katikati ya mwaka, mara kumi, mkutano wa wananchi ulipiga kura kuamua kama maofisa wanafanya kazi sawasawa au waondolewe.

Mwaka 330 KK msemaji Aeschines alilieleza jambo hili mahakamani kwa namna ambayo sijaona mfano wake. Alisema katika mji huu hakuna aliyegusa jambo la umma akasamehewa kutoa hesabu. Makuhani wanatoa hesabu, wa kiume na wa kike, ingawa wanachopokea ni sadaka tu na kazi yao ni kuwaombea watu. Matajiri waliogharamia manowari kwa fedha zao wenyewe wanatoa hesabu. Na yule ambaye hakushika hata senti moja naye lazima aandike na kukabidhi maneno haya: sikupokea wala sikutumia chochote cha mji. Ukilifikiria vizuri, sharti hilo lina akili sana. Mji ulitaka karatasi yenye jina la mtu, ili siku ukweli ukijulikana kuwe na sentensi ya kumkamatia.

Sheria peke yake haitoshi kueleza jinsi jambo hili lilivyodumu karibu miaka mia mbili. Kilicholishikilia ni utamaduni, na utamaduni huo ulitokana na zamu. Baraza la watu 500 lilipatikana kwa kura ya bahati kila mwaka, na mtu hakuruhusiwa kukaa humo zaidi ya mara mbili maishani mwake. Ukichanganya na mamia ya vyeo vidogo, vya kusimamia mizani, masoko, mitaro na magereza, utaona kwamba mwananchi wa kawaida wa Athens alikuwa na nafasi kubwa ya kuketi pande zote mbili za meza. Leo anakagua, kesho anakaguliwa. Mtu wa namna hiyo hamuoni muulizaji kama adui. TANU waliwahi kuliweka hili katika ahadi ya mwanachama kwa maneno matatu: cheo ni dhamana. Athens waliliweka katika ratiba ya mwaka.

Waliliweka na kwenye mawe. Ujenzi wa hekalu la Parthenon ulianza mwaka 447 KK, na hesabu zake za kila mwaka, mapato na matumizi, zilichongwa kwenye marmari na kusimamishwa kwenye kilima cha Acropolis, palepale pa hekalu. Hesabu za hekalu la jirani, Erechtheion, zinataja mafundi kwa majina, na humo wananchi, wageni wakazi na watumwa wanaonekana wakichonga nguzo zilezile kwa ujira uleule wa drakma moja kwa siku. Vipande vya mawe hayo vingalipo.

Sasa tuje kwa shujaa, maana mfumo wowote wa hesabu hupimwa siku shujaa anapoitwa. Athens walikuwa na Scipio wao, Miltiades, aliyewashinda Waajemi huko Marathon mwaka 490 KK. Mwaka uliofuata aliomba merikebu 70 bila kusema anakwenda kupigana na nani. Aliahidi tu kwamba atawatajirisha. Wakampa. Akauzingira mji wa Paros, akashindwa, akarudi mikono mitupu na mguu umejeruhiwa. Walimfikisha mahakamani amelala kwenye machela, paja linaoza, hawezi kujitetea, rafiki zake ndio wakimsemea. Mshtaki alitaka auawe. Rafiki zake waliwakumbusha watu Marathon. Mahakama ikakataa adhabu ya kifo, ikamtoza talanta 50. Alikufa kwa kidonda kile, na deni likalipwa na mwanawe Cimon.

Huo ulikuwa ukatili, sitaufunika kwa maneno mazuri. Lakini tazama kilichotokea ndani yake. Marathon ilipunguza adhabu, haikufuta swali. Mbele ya seneti ya Roma, Zama ilifuta swali.

Sisemi Athens walikuwa malaika katika hili. Pericles, aliyechaguliwa kuwa jemadari mwaka baada ya mwaka kwa miaka 15 mfululizo, aliwahi kuingiza kwenye hesabu zake talanta kumi na kuandika pembeni kwamba zimetumika "kwa jambo lililohitajika". Kila mtu alielewa kuwa zilikwenda kumhonga mfalme wa Sparta aliyevamia mashamba yao na kisha kugeuza jeshi lake bila vita. Watu wakapitisha bila kuuliza. Hapo daftari lilichanwa kistaarabu. Miaka ilipogeuka, mwaka 430 KK, huku tauni ikiua watu mitaani, wananchi walewale walimwondoa Pericles madarakani na kumtoza faini; baadaye wakamrudisha. Mwandishi Plutarch ana kisa kingine kidogo. Alcibiades, kijana aliyelelewa na Pericles, alikwenda kumtembelea akaambiwa hana nafasi, anafikiria jinsi ya kuwatolea Waathene hesabu. Kijana akaondoka akisema: si ingekuwa heri afikirie jinsi ya kutowatolea? Mwaka 415 KK, alipoitwa kutoka kwenye kampeni ya Sicily arudi kujibu mashtaka, Alcibiades huyohuyo alikimbilia Sparta akawapa maadui siri za mji wake. Mbegu ya Caesar ilipandwa Athens pia.

Kuna doa jeusi zaidi, na nalitaja kwa sababu linagusa hoja yenyewe. Fedha zilizoijenga Parthenon zilitoka kwa kiasi kikubwa katika michango ya miji washirika, ambayo hazina yake ilihamishwa kutoka Delos kuletwa Athens mwaka 454 KK. Wapinzani walipolalamika kwamba mji unajipamba kwa fedha za watu wengine, Pericles aliwafundisha wananchi kwamba hawadaiwi hesabu na washirika maadamu wanawapigania na kuwazuia Waajemi. Soma tena maneno hayo, kisha usome ya Scipio. Ni jibu lilelile. Mji uliomkagua hadi kuhani, ulipoulizwa na watu wa visiwani, ulitaja ushindi wake. Na mwaka 416 KK watu wa kisiwa cha Melos walipokataa kutii, wanaume waliotekwa waliuawa, wanawake na watoto wakauzwa utumwani.

Hata ndani ya mji, macho ya kukagua hayakuwa ya wote. Sheria moja ya mwaka 375 au 374 KK, iliyopatikana imechongwa kwenye jiwe, inamweka mpimaji wa sarafu sokoni katikati ya meza za wabadilisha fedha, kazi yake kutambua fedha halali na bandia. Mtu huyo alikuwa mtumwa wa serikali, na asipoketi mahali pake anachapwa viboko 50. Biashara yote ya raia huru ilitegemea uaminifu wa mtu ambaye mwenyewe alikuwa mali. Wanawake hawakupiga kura ya lolote. Na umati wenye haki ya kuuliza uliweza pia kugeuka umati wenye kiu ya damu: mwaka 406 KK, baada ya kushinda vita vya majini huko Arginusae, majemadari wanane walihukumiwa kwa pamoja kwa kutowaokoa mabaharia waliozama katika dhoruba, na sita waliokuwapo mjini waliuawa, akiwemo mwana wa Pericles. Socrates, ambaye zamu yake ya baraza ilimkuta mezani siku hiyo, alikataa hukumu ya mkupuo. Watu walijuta baadaye, lakini wafu hawakurudi.

Polybius, akiwa Roma, aliupima mtindo wa Wagiriki na wa Waroma. Aliandika kwamba ukimkabidhi Mgiriki talanta moja tu, hata ukiweka wakaguzi kumi, mihuri kumi na mashahidi ishirini, hataweza kushika uaminifu. Ilhali Waroma hupitisha mikononi mwao fedha nyingi sana na hulinda uaminifu kwa sababu ya kiapo tu. Hiyo ndiyo hoja ya upande wa pili, na ni hoja nzito. Inasema wingi wa wakaguzi ni dalili ya jamii iliyokwisha kuoza, na kwamba mtu mwenye heshima hahitaji mihuri.

Na kweli Roma ya wakati huo ilikuwa na kitu Athens hawakuwa nacho. Vyeo vilikuwa vya mwaka mmoja. Makonsuli, yaani wakuu wa serikali, walikuwa wawili, kila mmoja akiweza kumzuia mwenzake. Walikuwepo maofisa wa fedha na vitabu vyao. Lakini kamba iliyovifunga vyote pamoja ilikuwa desturi ya wahenga wao, na desturi hiyo ilionekana vizuri zaidi msibani. Akifa mtu mkubwa, familia ilitoa vinyago vya nta vyenye sura za mababu, wakavaliwa na watu wanaofanana nao kwa umbo, kila mmoja na vazi la cheo alichokifikia babu huyo, zambarau kwa aliyekuwa sensa, yaani ofisa wa kuhesabu raia na kusimamia maadili, vazi lenye nakshi za dhahabu kwa aliyefanyiwa maandamano ya ushindi. Waliandamana mpaka sokoni, wakaketi kwenye viti vya pembe za ndovu mbele ya jukwaa, safu nzima ya wafu wamekuja kumsikiliza mwana akimsifu baba. Polybius anauliza, kuna kijana gani atakayeona hayo asitamani kuifia nchi yake? Nakubaliana naye. Utamaduni uliozaa watu wa kuvumilia vipigo vya Hannibal kwa miaka 16 si wa kubezwa.

Ila heshima inayorithiwa kama nyumba huanza kutumika kama fedha. Kinyago cha babu kilikuwa sifa, kikawa amana, mwishowe kikawa risiti. Mwanahistoria Livy anasimulia kwamba Scipio alipoburutwa mbele ya mkutano kujibu mashtaka, siku ya kesi ikaangukia kumbukumbu ya Zama. Hakujibu lolote. Alisema siku kama hii haifai kwa ugomvi, inafaa kwa kuishukuru miungu, na anayetaka amfuate. Umati mzima ulimfuata kupanda kilima cha Capitol, makarani na matarishi nao wakaondoka, washtaki wakabaki na watumwa wao na mpiga mbiu.

Nimewahi kukaa katika kikao cha kuvunja kamati ya mazishi, mtu akauliza kwa upole risiti ya maturubai. Alijibiwa kwa kukumbushwa jinsi mweka hazina alivyokesha na marehemu hospitalini. Swali lilikuwa la maturubai, jibu likawa la wema, na sote, mimi nikiwemo, tukatazama chini. Kwa hiyo silicheki lile kundi lililopanda Capitol. Kumuuliza mtu aliyekutendea mema ni kazi ngumu. Na kwa sababu ni ngumu, Athens hawakuiacha itegemee ujasiri wa mtu mmoja kusimama. Waliipa tarehe, ikamfikia kila mtu, mwema na mbaya, ndani ya siku 30. Mtu anayeulizwa kwa sababu siku imefika hana la kukasirikia.

Roma ilipoanza kuhitaji ukaguzi wa kweli, iliuweka mikononi mwa walewale. Mahakama ya kudumu ya kuwashtaki magavana waliopora mikoa iliundwa mwaka 149 KK, na waamuzi wake walikuwa maseneta, yaani watu waliokwisha kuwa magavana au waliotarajia kuwa. Waswahili tuna jina la mpango kama huo: kesi ya ngedere kumpelekea nyani. Kwa miaka mingi waamuzi wakawa chambo cha ugomvi kati ya maseneta na matajiri wa kodi, kila upande ukitaka kiti, pasiwe na upande uliotaka ukaguzi. Mwaka 133 KK Tiberius Gracchus, mjukuu wa Scipio mwenyewe kwa binti yake Cornelia, alithubutu kulipeleka kwa wananchi suala la urithi wa mfalme wa Pergamon, jambo la fedha ambalo seneti iliona ni lake. Aliuawa kwa marungu na miguu ya viti pamoja na wafuasi wake wapatao 300, na kundi la wauaji liliongozwa na mtu wa ukoo uleule wa Scipio.

Kilele cha aibu ni Verres, aliyeitawala Sicily kutoka mwaka 73 hadi 71 KK. Cicero, wakili aliyemshtaki, alizunguka kisiwa kwa siku 50 akikusanya ushahidi, na nadhani ni mmoja wa Waroma wachache waliofanya kazi ya mkaguzi wa Athens kwa miguu yake mwenyewe. Katika vitabu vya kampuni ya kodi mjini Syracuse alikuta mtu mmoja aliyefanya biashara nzito wakati wa Verres, jina lake Gaius Verrucius. Mtu huyo hakuwepo kabla ya Verres kufika wala baada ya kuondoka. Cicero akatazama kwa makini: kila mahali, herufi za mwanzo zilikuwa safi, na kuanzia katikati ya jina nta ilikuwa imefutwa na kuandikwa upya. Verres mwenyewe, kwa mujibu wa Cicero, alikuwa akisema faida ya miaka yake mitatu ameigawa vizuri: mwaka mmoja wake, mmoja wa mawakili na walinzi wake, na ule ulionona kuliko yote ni wa mahakimu. Safari hii ushahidi ulimzidi, akakimbilia Massilia mwaka 70 KK kabla hukumu haijatoka. Roma ilishangilia. Lakini ilichukua mtu mwenye kipaji adimu kuliko wote wa kizazi chake kufanya kile ambacho Athens kilifanywa na wakulima waliopata zamu.

Sasa Caesar. Watu husahau kwamba mwaka 59 KK, alipokuwa konsuli, alipitisha sheria bora ya hesabu kuliko zote ambazo Roma iliwahi kuwa nayo. Gavana aliamriwa aache nakala za hesabu zake katika miji miwili ya mkoa wake na nyingine apeleke hazina ya Roma. Nakala tatu, mahali patatu. Haichaniki kirahisi. Sheria ilikuwa ya mwanamume aliyejua hasa wizi unavyofanyika.

Miaka kumi baadaye mwanamume huyo alikuwa Gaul, Ufaransa ya leo, na majeshi, na maadui zake walikuwa wakiapa kwamba siku akiweka chini madaraka watamfikisha mahakamani. Januari ya mwaka 49 KK alivuka Rubicon. Alipoingia Roma alikwenda kwenye hazina iliyokuwa katika hekalu la Saturn. Metellus, mtetezi wa wananchi ambaye mwili wake ulikuwa mtakatifu kwa sheria, alisimama mlangoni kumzuia, Caesar akatishia kumuua, milango ikavunjwa. Mwaka uliofuata, baada ya kushinda huko Pharsalus, alitazama maiti za Waroma wenzake uwanjani akasema maneno ambayo mwandishi Suetonius ameyahifadhi: "Wenyewe ndivyo walivyotaka. Baada ya matendo makubwa hivyo, mimi Gaius Caesar ningehukumiwa, kama nisingeomba msaada kwa jeshi." Wapo wanahistoria wa leo wanaobisha kama kweli hofu ya mahakama ndiyo iliyomvusha mto. Mimi naona uzito uko katika yale maneno, baada ya matendo makubwa hivyo. Yeye mwenyewe aliona hayo yanatosha kuwa maelezo. Alikuwa Scipio mwenye majeshi, na safari hii hapakuwa na daftari la kuchana, palikuwa na dola.

Mrithi wake, Augustus, hakuchana chochote. Aliandika. Alipokufa mwaka 14 BK aliacha maandishi marefu yaliyochongwa kwenye nguzo mbili za shaba mbele ya kaburi lake, na nakala yake iliyo kamili kuliko zote iko mjini Ankara, Uturuki, kwenye kuta za hekalu la Roma na Augustus. Anaanza na miaka yake 19, alipojiundia jeshi kwa gharama yake. Kisha zinafuata tarakimu: sarafu za sesterti 300 kwa kila mwananchi kulingana na wosia wa Caesar, hazina ya serikali ameisaidia mara nne kwa fedha zake, sesterti milioni 150, mahekalu aliyoyakarabati, michezo aliyoigharamia, wapiganaji, wanyama. Ni hesabu nadhifu, ya mtu ambaye hakuna kura ya bahati ingeweza kumletea mkaguzi.

Kichwa cha habari cha Kilatini kinasema haya ni matendo ya Augustus, kwa neno lilelile alilolitumia Caesar juu ya maiti za Pharsalus, pamoja na gharama alizoingia kwa ajili ya Jamhuri na watu wa Roma. Kwa kuwa wakazi wa huko walisoma Kigiriki, tafsiri ilichongwa kwenye ukuta wa nje. Mfasiri aliyabakiza matendo kama yalivyo. Neno gharama alilibadilisha. Kwenye ukuta wa Kigiriki, lugha ambayo ofisa wa Athens aliandikia "sikupokea wala sikutumia", imeandikwa: matendo na zawadi.